Nyuzi Mbili, Kiti Kimoja

Asubuhi ya kwenda kusafishwa damu mama mkwe huwa hana simile. Miguu imemvimba, pumzi fupi, lakini ulimi ndiyo kwanza umetoka gereji. Siku hiyo alisimama mlangoni ameegemea bega la binti yake, akamtazama mkwewe anavyohangaika kufunga tai mbele ya kioo cha dirisha, akauliza kama huyo anayefungwa shingo ni mtu anakwenda kazini au ni mbuzi anapelekwa mnadani.

"Ni injinia anakwenda kazini, mama," binti akasema.

"Nusu," mama akamsahihisha. "Nusu injinia. Nusu nyingine iko chuoni, inamsubiri akaichukue."

Jina lilikuwa hilo, Nusu, tangu siku alipokuja kujitambulisha akakiri kwamba aliacha chuo mwaka mmoja ukiwa umebaki. Nyumba nzima ilimwita hivyo, hadi mwenye duka la jirani. Yeye alishazoea. Isitoshe alikuwa mtu wa mizaha mwenyewe, akipigwa kijembe kizuri anacheka kabla ya aliyempiga. Leo hakucheka. Leo Mkurugenzi wa kliniki alikuwa na wageni, wenye kliniki nyingine, wanakuja kuuona mfumo wa kugawa viti ambao Nusu aliutengeneza peke yake. Wakiuchukua, Nusu anatoka kwenye kibarua, anapewa ajira, ofisi yenye mlango, na kadi ya bima ambayo mke anaingia na mama wa mke anaingia. Hiyo kadi ndiyo iliyomvalisha tai.

Ndani ya teksi mama alishika simu ya binti yake mkononi kama mtu aliyeshika tiketi. Meseji ilikuwa pale pale: kiti cha tatu, leo, zamu ya asubuhi. Aliisoma kwa sauti, akamuuliza dereva kama anamjua aliyeitengeneza hiyo mashine. Dereva akasema hamjui. Mama akasema ana bahati.

Kliniki ilikuwa na mashine chache za kusafisha damu, na mbili kati yake zilishakufa, zimefunikwa shuka pembeni kama marehemu wasio na ndugu. Kwa hiyo viti vilikuwa vya kugombania. Kila Ijumaa mchana ratiba ya wiki inafunguliwa, na wagonjwa wote, kila mtu na simu yake au ya mwanawe, wanabonyeza kwa pamoja. Kabla chai haijapoa wiki imejaa.

Mfumo wenyewe ulikuwa programu fupi tu. Nusu aliiandika kwa lugha ya skripti, zile lugha nyepesi ambazo unaandika asubuhi na mchana mtu anatumia, akaiweka kwenye kompyuta moja iliyokaa chini ya meza ya mapokezi. Hiyo ndiyo seva. Simu ikibonyezwa, muunganisho unafika pale, programu inatazama kama kiti kiko wazi, inaandika namba ya kadi ya mgonjwa, inarudisha meseji. Siku ya kwanza alipomwonyesha Mkurugenzi, jibu lilirudi kabla kidole hakijanyanyuka. Mkurugenzi akakunja uso. Akasema hiki ni kikokotoo, watu watadhani ni mchezo wa watoto. Yeye analipia kitu kinachofikiri, basi na kifikiri.

Nusu akarudi kwenye kompyuta, akaongeza mstari mmoja wa kuilaza programu kidogo. Akauweka katikati, pale ambapo programu imeshaona kiti kiko wazi na haijaandika namba, maana kama kungekuwa na kufikiri, kungekuwa hapo. Kwenye simu kikawa kinazunguka kiduara juu ya maneno: Tafadhali subiri, mfumo unachambua ombi lako. Haukuwa unachambua kitu. Ulikuwa umesinzia. Mkurugenzi alifurahi mno, akawaita watu waje waone unavyofikiri. Nyumbani Nusu alimsimulia mke wake, na mke alicheka mpaka akakaa chini.

Usingizi ule ukazaa foleni. Programu ilihudumia mtu mmoja mmoja, na kila anayekuja inasinzia naye, wa nyuma wanangoja, simu zinakata. Nusu akairekebisha tena: kila muunganisho ukifika unapewa uzi wake, na nyuzi zote zinakwenda kwa wakati mmoja, hakuna wa kumngoja mwenzake. Ni kama kuajiri wahudumu wengi badala ya mmoja, halafu wote wanaandika kwenye ubao ule ule. Aliijaribu nyumbani, simu yake na simu ya mke wake, anabonyeza hii, inajibu, anabonyeza ile, inajibu. Foleni ikafutika. Mkurugenzi akaanza kumwita Injinia, akaitamka yote.

*

Kiti cha tatu kilikuwa na mtu. Alikuwa fundi viatu, mzee mkimya mwenye vidole vyeusi vya rangi, ameshakunja mkono wa shati na nesi anamfuta mkono kwa pamba. Dada wa mapokezi akatazama skrini, akamtazama mama mkwe, akasema kiti cha tatu si chako.

Mama akamwonyesha simu. Dada akaichukua, akaisoma, akaipandisha juu na kuishusha chini kwa kidole akitafuta tarehe, na alipokuwa akitafuta akasoma kwa sauti meseji nyingine, ile binti aliyomtumia jirani kumwomba amsaidie mama kubadilisha nguo maana jana haja ilimtoka njiani. Kwenye benchi watu wakatazama viatu vyao. Mama akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu, mwanangu. Hiyo si ratiba."

Dada akasema siku hizi watu wanatengeneza meseji, ameshaona nyingi, wengine wanabadilisha tarehe. Yeye anafuata skrini. Binti mtu akaanza kupandisha sauti, akasema mama yake hawezi kukaa hadi wiki ijayo, atazame ile miguu. Fundi viatu naye akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza. Kiti cha tatu, leo, asubuhi. Nesi akamwacha na pamba mkononi.

Nusu alikuwa ameshafika mezani. Alizitazama zile simu mbili zimelala ubavu kwa ubavu, meseji mbili zimeingia dakika ile ile. Aliuona mchezo mzima kama anaangalia watoto uani. Uzi wa mama mkwe umekuja, umetazama, kiti kiko wazi, ukasinzia. Uzi wa fundi viatu ukaja nyuma yake, ukatazama, kiti bado kiko wazi, ukasinzia nao. Wa kwanza ukaamka, ukaandika. Wa pili ukaamka, ukaandika juu yake. Kila mmoja akarudishiwa hongera zake. Na jina lililobaki kwenye skrini ni la aliyechelewa. Kiti kilikuwa cha mama.

Fundi viatu ndiye aliyesema kwanza. Akauliza kama haiwezekani wakagawana, yeye nusu ya muda na huyu mama nusu. Nesi akasema hii siyo sambusa, baba. Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, Mkurugenzi akatoka na wageni wake, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani, wote wametundikwa vitambulisho shingoni.

Mkurugenzi alikuwa na sikio la kusikia kelele kabla hazijawa kelele. Akauliza kuna nini, dada wa mapokezi akaeleza, na mgeni mwenye miwani akainama akazisoma zile simu mbili. Akanyanyua kichwa, akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza saa, kama mfumo huu unatoa kiti kimoja kwa watu wawili.

Mkurugenzi akacheka, akamgeukia Nusu. "Injinia. Inawezekana?"

Nusu akageuka. Mke wake alikuwa anamtazama. Mama mkwe alikuwa anamtazama, ameshika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza usoni mwake hakukuwa na kijembe, kulikuwa na kungoja tu. Nusu akafikiria ile kadi ya bima. Akafikiria kwamba jioni atatafuta njia, kiti kimoja hakikosekani, siku moja haiui mtu.

"Haiwezekani," akasema.

Halafu mama mkwe akaachia meza. Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akatikisa kichwa.

"Basi nimesoma vibaya," akasema. "Macho yenyewe haya. Huyu ni mkwe wangu, ndiye aliyeutengeneza. Kama amesema haiwezekani, haiwezekani."

"Mama, wewe hujasoma vibaya," binti akasema. "Nimesoma mimi."

"Nyamaza. Usimwaibishe mumeo mbele ya watu."

Mkurugenzi alikuwa ameshika neno moja tu. "Mkweo?" akamuuliza Nusu. Nusu akaitikia kwa kichwa. Mkurugenzi akawageukia wageni, akafungua mikono. "Mnaona? Mama mkwe wake mwenyewe, na mfumo haumpendelei. Niambieni kliniki gani nyingine mmeona hilo."

Wageni hawakuwa wameona. Mmoja wao akampa Nusu mkono, akautikisa kwa muda mrefu. Nesi akarudi kwa fundi viatu. Mzee wa watu aliukunjua mkono wa shati kidogo, kama anataka kusema jambo, kisha akaukunja tena, akalaza kichwa, akafumba macho. Sindano ikaingia. Mama mkwe na binti yake wakaonyeshwa mlango, na mtu wa usafi akawafuata na kitambaa, akifuta mahali mama alipokuwa ameshika ukuta.

*

Wageni walipoondoka Nusu alikaa kwenye ile kompyuta akaweka kufuli. Ndivyo linavyoitwa: uzi mmoja ukiingia kutazama kiti unafunga, mwingine hauingii mpaka wa kwanza uandike na kutoka. Ni kazi ya mistari michache, haikufika hata muda wa kunywa soda. Alibonyeza simu mbili kwa pamoja, moja ikapata kiti, nyingine ikakataliwa vizuri kabisa. Mkurugenzi akapita nyuma yake, akampiga begani, akasema wageni wanarudi wiki hii kusaini.

Alipofika nyumbani jioni mama mkwe alikuwa amekaa kitandani wima, mito mitatu mgongoni, maana akilala anaona kama anazama. Uso umejaa. Aliongea kwa vipande, anavuta pumzi, anaongeza neno. Jirani alikuwa amekuja kumwona, na mama alikuwa anamsimulia.

"Walizungumza wao wote," mama alisema, "wakamgeukia yeye. Yeye. Wakubwa wale, na tai zao. Wakamuuliza, injinia, inawezekana? Akawajibu neno moja." Akapumua. "Leo ile Nusu nimemvua. Ameshaikamilisha. Mkwe, njoo hapa."

Nusu akasogea. Mama akamshika mkono kwa vidole vilivyovimba mpaka pete imezama, akamwambia jirani auangalie mkono huo. Jirani akauangalia. Nusu akasema anakwenda kuchota maji ya kuoga, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Mke alimfuata jikoni, akafunga mlango kwa kisigino. Hakupiga kelele. Alisema alikuwa anafikiria tangu asubuhi, na anataka kuuliza kitu kimoja tu. Ule usingizi uliouweka, ule tulioucheka. Uliutoa?

Nusu akasema Mkurugenzi anaupenda.

"Sijakuuliza Mkurugenzi anapenda nini. Watu wawili wakiingia wakati mfumo umelala, kinatokea nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, kama anavyoeleza kazi yake siku zote, na alipofika mahali pa kusema kiti kilikuwa cha nani, alisema. Mke alikuwa anakata kitunguu. Aliendelea kukikata mpaka kikaisha, akaendelea kukata ubao.

"Kwa hiyo ulijua. Pale pale, ulijua."

"Nilifanya kwa ajili yake. Ile bima—"

"Usimtaje." Akaweka kisu. "Mpigie Mkurugenzi. Mwambie mfumo ulikosea, ampe kiti cha kesho."

Nusu akapiga, mke amesimama karibu asikie. Mkurugenzi alikuwa anakula, sauti ilikuwa na chakula ndani. Hakungoja Nusu afike kwenye kukosea. Aliposikia mama mkwe na kiti, akamkatiza. Akasema anamwelewa sana, mama ni mama, lakini leo amewaambia watu wazito kwamba hapa hakuna upendeleo wa jamaa. Hawezi kesho kumweka jamaa. Ijumaa abonyeze kama wenzake. Akamtakia mama nafuu, akakata.

Chumbani mama alikohoa, kikohozi cha maji. Walikisikiliza wote wawili mpaka kikaisha.

"Kesho viti vyote vina watu?" mke akauliza.

"Vyote."

"Na wewe unaweza kuingia kutoka hapa, ukafuta, ukaandika."

Nusu akasema hiyo siyo kama ya mwanzo. Ya mwanzo ilikuwa bahati mbaya. Kufuli ameshaliweka, mfumo sasa hauwezi kuwakalisha wawili. Akimwingiza mama, kuna mtu lazima atoke, mtu aliyepata kiti chake kihalali.

"Mama yangu alikipata kiharamu?"

Mke akaileta kompyuta mwenyewe, akaiweka mezani kati ya vitunguu, akaifungua. Nusu akaingia kwenye seva. Orodha ya kesho ikatokea, namba za kadi tupu, moja chini ya nyingine. Majina yalikuwa kwenye faili lingine, na hakulifungua.

"Siwajui hawa," akasema.

"Ndiyo maana chagua upesi."

Alishusha macho kwenye zile namba. Ya kwanza aliiruka kwa sababu iliishia kama mwaka aliozaliwa mke wake. Ya pili akaiacha bila sababu. Akafuta iliyofuata, akaandika ya mama. Mke akaegemea bega lake, akasoma namba ile tarakimu kwa tarakimu akilinganisha na kadi, akasema sawa. Halafu akarudi kwenye vitunguu, mgongo umemgeukia, akaanza kulia kwa namna ambayo mtu angeweza kusema ni vitunguu.

Mama aliposikia amepata nafasi, aliuliza imepatikanaje. Nusu akasema kuna mtu ameahirisha. Mama akamwombea huyo mtu dua, ndefu, kwa pumzi ile ile isiyomtosha.

*

Asubuhi mama aliwekwa kwenye kiti cha karibu na mlango. Dada wa mapokezi alitazama skrini, akaona jina, akampisha. Hata alimshika kiwiko. Damu ilianza kuzunguka kwenye mirija, na kadiri muda ulivyokwenda mama akarudisha rangi, kisha akarudisha ulimi. Akamwambia nesi sindano zake kama za kushonea magunia. Nesi akacheka. Nusu alikuwa amesimama pembeni, hana kazi pale, lakini miguu haikumtoa.

Aliyekuja alikuwa mlinzi. Sare ya kampuni, kirungu ameshakirudisha, macho mekundu ya mtu aliyekesha lindoni. Buti hakuzifunga, kamba zilikuwa zinaburuta, maana miguu haikukubali. Akatoa simu, akasema kwa heshima kwamba ana kiti asubuhi hii.

Dada akatazama skrini. Akasema jina lake halipo.

Mlinzi hakubisha. Aliomba atazame tena. Dada akatazama tena, akamwambia kama alivyowahi kumwambia mtu mwingine, kwamba meseji zinatengenezwa, na mfumo huu wamekuja watu kuutazama, wameuthibitisha. Mlinzi akageuka kutafuta mtu wa kumuuliza. Aliyekuwa karibu ni Nusu, mwenye tai.

"Bosi, samahani. Wewe ni wa hapa? Hebu niangalizie."

Nusu akafungua mdomo. Mke wake, kwenye kigoda kando ya mama, hakunyanyua kichwa, lakini mkono uliokuwa unampepea mama ulisimama.

"Jina halipo, kaka," Nusu akasema.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Ndivyo alivyo, hakuna jambo linalompita. Akamwita mlinzi kwa mkono ule usio na mirija, akamwambia asogee, asione aibu.

"Usishindane nao, mwanangu. Mimi mwenyewe jana nilikuja na meseji yangu hivi hivi. Nimeapa, nimegomba, kumbe nimesoma vibaya. Mtu ukiumwa, macho yanakudanganya." Akamwelekeza Nusu kwa kidevu. "Huyo ndiye aliyeitengeneza. Ni mkwe wangu. Kama amekwambia halipo, halipo."

Mlinzi akamtazama yeye, akaitazama ile damu inavyozunguka, akaitazama simu yake, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Na wewe mama, ulipokosa, ulikaa muda gani?"

"Siku moja tu."

"Mimi ruhusa ya kazini ilikuwa ya leo," akasema. "Nyingine wananipa wiki ijayo."

"Wewe bado kijana," mama akamwambia kwa upendo. "Utafika."

Mlinzi akamshukuru. Akaweka simu mfukoni, akainama kusukuma mguu uingie vizuri kwenye buti, ukakataa, akajaribu mwingine, ukakataa. Basi akazivua zote mbili, akazibana kwapani, akatoka pekupeku kwenye ile sakafu baridi, anakanyaga taratibu kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala.